"Ajali haina kinga" au tumeacha kujikinga? Fundi kakatwa vidole, kiwanda kinasema ni makosa ya kibinadamu

#1 FundiSaga (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Niende moja kwa moja.

Nipo kwenye kiwanda cha plastiki hapa Dar, jina nalihifadhi. Wiki tatu zilizopita fundi mwenzetu, tumwite S, alipanda kwenye mashine ya kusaga chupa kuondoa plastiki iliyokwama kwenye visu. Ilikuwa inakaribia saa moja usiku, zamu zinapishana. Alizima kwenye paneli akazunguka nyuma. Paneli iko upande wa pili wa ukuta, ukisimama pale humwoni mtu aliye kwenye mdomo wa mashine. Kijana wa zamu ya usiku kafika, kakuta mashine imezimwa, magunia yamejaa, supavaiza anauliza mbona hamjaanza. Akabonyeza kitufe cha kijani. S amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

Juzi tumesomewa ripoti ya ndani, ukurasa mmoja na nusu. Chanzo: "makosa ya kibinadamu". Kijana amesimamishwa kazi. S ameandikiwa barua ya onyo huku bandeji bado iko mkononi. Sisi wengine tumepewa fomu ya kusaini kwamba usalama ni jukumu la kila mmoja wetu, maneno yaleyale yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu pale getini.

Naomba mnisaidie kufikiri. Kama jukumu ni la kila mmoja, mbona lawama imeishia kwa watu wawili wenye mishahara midogo kuliko wote waliohusika? Na nyie mlioko viwandani, saiti, hospitali na bandarini, kuna mahali mmeona jukumu la pamoja likafanya kazi kweli?

#2 Kifaru wa Pugu
Pole kwa S. Lakini mimi ni supavaiza mwaka wa 14, niseme ninachokiona. Unampa mtu glovu, anaziweka mfukoni. Helmeti anaigeuza kiti. Opereta ana simu sikioni, mashine inanguruma mbele yake. Kwenye semina tulifundishwa kwamba asilimia 88 ya ajali zinatokana na vitendo vya wafanyakazi wenyewe. Uzembe tuuite uzembe. Kijana alipaswa kuchungulia. Sekunde kumi tu.

#3 Mama Nasra
Ajali haina kinga wanangu. Mume wangu alianguka kutoka kwenye mirunda ghorofa ya pili na alikuwa amevaa kila kitu walichomwambia avae. Tumshukuru Mungu alipona. Mwambieni S asikate tamaa.

#4 Jicho la Kona
Mama Nasra, pole sana kwa mzee. Huo msemo naomba tuujadili kidogo bila kukukosea heshima. Vifaa tunaviita "vifaa kinga", halafu mtu akiumia tunasema ajali haina kinga. Nadhani msemo ulikuwa wa kumfariji aliyeumia, ukageuka kuwa jibu la mwenye saiti. Naomba kuuliza, mzee alivaa mkanda?

#5 Mama Nasra
Alivaa. Hakukuwa na mahali pa kuufunga. Mirunda yenyewe ndiyo iliyoachia, kamba za katani zilikuwa zimelowa mvua wiki nzima.

#6 Jicho la Kona
Basi mama umejibu swali la mwanzisha uzi kuliko sisi sote.

#7 Mhandisi Mstaafu
Kifaru, hiyo asilimia 88 naijua, na inahitaji kusahihishwa kila inapotajwa. Imetoka kwa Heinrich, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima, kwenye kitabu chake cha mwaka 1931. Alipitia mafaili ya madai ya bima na ripoti za ajali za viwandani, akagawa: 88 vitendo vya watu, 10 hali ya mitambo na mazingira, 2 visivyozuilika. Sasa ripoti za ajali kiwandani anaandika nani? Supavaiza. Mtu anayeandika ripoti hiyo ana sababu zote za kuandika "hakuwa makini" na hana sababu hata moja ya kuandika "mimi niliweka paneli nyuma ya ukuta". Kwa hiyo takwimu ile inatuambia zaidi ripoti zilivyoandikwa kuliko ajali zilivyotokea.

Nitoe kisa kimoja. Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, halafu ndege ikiwa tayari chini wanakunja magurudumu badala ya mabawa madogo ya kupunguza mwendo. Ndege inalala tumbo. Ripoti zikasema makosa ya rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliingia kwenye chumba cha rubani akakuta swichi mbili zinazofanana kabisa, ziko bega kwa bega. Kwenye ndege nyingine ambazo swichi zake hazikufanana, marubani hawakufanya kosa hilo. Akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu na kipande chenye umbo la bawa kwenye ile nyingine, mkono ukawa unajua hata gizani. Hakumfukuza mtu, na tatizo likaisha.

FundiSaga, nenda kaitazame paneli yenu kwa jicho hilo.

#8 Kifaru wa Pugu
Mzee wangu, shikamoo. Hiyo namba nimeiachia. Lakini usiniambie ripoti zangu zote ni za kujikinga. Nimeshawahi kumtoa mtu kazini kanywa konyagi na anaendesha folklifti. Hapo nako kuna swichi zinafanana?

#9 Mhandisi Mstaafu
Marahaba. Hapana, huyo ulifanya vizuri kumtoa. Ila kijana wa FundiSaga hakulewa.

#10 Nesi wa Zamu
Nimesoma kimya, lakini hapa panagusa kazi yangu. Sisi wodini chupa mbili ndogo za dawa zinaweza kufanana rangi, kizibo na ukubwa wa maandishi, moja inaokoa na nyingine ukiichoma haraka kwenye mshipa inasimamisha moyo. Saa kumi alfajiri, uko peke yako na wagonjwa 40, taa moja imeungua. Ukikosea utaitwa muuaji. Usipokosea hakuna atakayejua kwamba uliikamata ile chupa mara mbili ukairudisha.

Mnauliza wapi jukumu la pamoja limefanya kazi. Ifakara. Hospitali ya pale ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vyumba vya upasuaji, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Zilikuwemo London, Seattle, Toronto, New Delhi, na Ifakara yetu. Karatasi moja, vipengele 19. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake, wanathibitisha mgonjwa ni nani na wanakata wapi. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7.

Watu hudhani kilichofanya kazi ni karatasi. Mimi naamini ni kule kutaja jina. Nesi aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja mbele ya daktari bingwa anaweza kusema mara ya pili: "Daktari, hatujahesabu pamba."

#11 Chawa Mbishi
Mnaongea ndege na London, mwenzenu hana vidole. Aende OSHA wamlipe chake mapema. Sheria ya 2008 ipo wazi.

#12 Wakili wa Mtaani
Chawa, nia nzuri lakini umechanganya. OSHA ni wakala wa usalama na afya mahali pa kazi: inasajili, inakagua, inaweza kusimamisha mashine hatari. Sheria yake ni ya 2003. Anayelipa fidia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yake ndiyo ya 2008, na Mfuko ulianza kazi mwaka 2015. Mchango unalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Na kikubwa kwa S: ili ulipwe huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Umeumia ukiwa kazini, basi. Hakikisheni mwajiri ameitolea taarifa ajali hiyo, na S ashike nakala za hospitali zote. Asisaini karatasi yoyote yenye neno "kosa langu" kabla ya kuisoma na mtu anayemwamini.

#13 Chawa Mbishi
Nimekuelewa wakili. Nimerudi nyuma hatua mbili.

#14 Baharia wa Tanga
Mwanzisha uzi ameuliza kuhusu "jukumu la kila mmoja". Wahenga walimaliza: kazi ya wote si kazi ya mtu. Kwenye kozi za meli tunafundishwa kisa cha Herald of Free Enterprise. Tarehe 6 Machi 1987, kivuko kinatoka Zeebrugge Ubelgiji kwenda Uingereza na milango ya mbele iko wazi. Maji yakaingia sitaha ya magari, kikalala ubavu ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa.

Milango nani kafunga? Aliyepaswa kuifunga alikuwa kitandani, kachoka, hakusikia wito wa kuondoka. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha mtu yupo mlangoni alishapanda juu, maana ratiba ilimtaka awe sehemu mbili kwa wakati mmoja. Serang'i wa meli, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, alipita akaona iko wazi. Alieleza baadaye kwamba kuifunga haikuwa kazi yake. Nahodha kule juu haoni milango, hakuna taa ya kumwonyesha, na utaratibu ulikuwa: asipoletewa habari mbaya, achukulie kila kitu kiko sawa. Manahodha walikuwa wameomba taa hiyo miaka kabla. Ofisi ikawabeza.

Watu watano hivi, kila mmoja na kipande chake cha jukumu, mlango hauna mwenyewe. Ndiyo maana maandishi ya getini kwenu yananitia wasiwasi, FundiSaga. Yakiwa ya kila mmoja, mwambieni mwajiri aandike pia majina.

#15 FundiSaga
Asanteni wote. Mhandisi, nimeenda kuitazama. Kitufe cha kijani cha mashine yetu na cha konveya, ule mkanda wa kusafirishia mzigo, vimepishana sentimita tano, rangi moja, maandishi yamefutika kwa vumbi.

Kuna jambo sikuliandika mwanzoni kwa kuogopa. Miezi miwili kabla ya S, ilitokea hivihivi kwangu. Mashine iliwashwa nikiwa nimeshaingiza koleo, mkono bado uko nje. Koleo liliruka hadi ukutani. Sikuripoti. Mwezi uliotangulia mwenzetu aliripoti kwamba kinga ya mkanda imevunjika, akakatwa siku kwa "kusimamisha uzalishaji". Kila nikimwona S naliona lile koleo.

#16 Nesi wa Zamu
Ndugu yangu FundiSaga, usiubebe peke yako huo mzigo. Ulikuwa umeshaonyeshwa gharama ya kusema.

#17 Umeme Shamba
Sasa tuje kwenye ufundi, maana hii ajali ina dawa yake inayojulikana, na ni ya bei ya kufuli.

Kosa la kwanza ni kuamini kitufe chekundu. Kitufe chekundu kinaachisha kontakta tu, yaani swichi ndogo ya ndani inayoipelekea mota umeme. Umeme bado uko mlangoni, na yeyote atakayegusa kijani mota inaamka. Fundi anayeingiza mkono kwenye visu anatakiwa azime kwenye aisoleta yenyewe, ile swichi kubwa ya kukata laini zote, kisha aitie kufuli. Kufuli lake, lenye jina lake. Ufunguo mmoja tu, uko mfukoni mwake, na yeye yuko ndani ya mashine. Kwa hiyo hakuna namna ya mashine kuwaka huku yeye yuko ndani. Kijana wa zamu ya usiku angekuta kufuli la S, angeuliza S yuko wapi. Swali hilo moja lingeokoa vidole vitatu.

Wakiwa mafundi wanne, kuna bamba lenye matundu sita: kila mmoja anatia kufuli lake. Watatu wakimaliza na kutoa, mashine bado imefungwa mpaka wa nne atoe. Hapo ndipo nimewahi kuliona jukumu la kila mmoja kwa macho, limening'inia kwenye swichi.

Halafu ukishafunga, bonyeza kijani. Hakikisha imekufa. Watu wengi wanaruka hatua hii, na ndipo unagundua umefunga aisoleta ya mashine ya jirani. Na subiri visu visimame, maana vile ni vizito, vinazunguka kwa nguvu yake dakika nzima baada ya umeme kukatika.

Supavaiza asiruhusiwe kukata kufuli la mtu ambaye hajamwona kwa macho yake. Mahali nilipokuwa, meneja aliagiza kufuli likatwe kwa grainda kwa sababu fundi "ameshaenda nyumbani". Fundi alikuwa chooni. Alirudi akaingia tena. Tulimvuta shati.

#18 Mzee wa Reli
Hilo la kufuli ni sawa na kijiti chetu. Kwenye reli ya njia moja, mfumo waliotuachia Waingereza, kila kipande cha njia kina kijiti chake. Dereva asiyekuwa nacho mkononi haingii. Kiko kimoja, kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana katikati hata stesheni masta akiwa na usingizi. Na Wajapani wana lao: dereva ananyoosha kidole kwenye taa ya ishara na kuitaja kwa sauti, "kijani!", hata akiwa peke yake kwenye kichwa cha treni. Kijana anayemwona anaweza kucheka, lakini jicho, kidole na mdomo vikikubaliana ni vigumu kukosea vyote vitatu.

#19 Kifaru wa Pugu
Umeme Shamba, hapa naongea kwa uchungu. Nilileta makufuli kiwandani kwetu. Kumi na mawili, mekundu, nilipigania bajeti mwenyewe. Baada ya miezi mitatu nikakuta yote yamefungwa kwenye msumari mmoja, funguo zote kwenye waya mmoja karibu na paneli, "ili mtu asisumbuke". Waliofanya hivyo ni mafundi, wala si meneja. Kwa hiyo mnaponiambia tatizo si mtu, narudi kuuliza: funguo alizitundika nani?

#20 Umeme Shamba
Nakubali, nimeiona hiyo. Lakini uliwauliza kwa nini walizitundika?

#21 Kifaru wa Pugu
Niliwauliza. Walisema mashine inakwama mara 20 kwa zamu, na kila kufunga na kufungua ni dakika sita. Dakika sita mara 20 ni saa mbili. Na wanalipwa bonasi kwa tani.

#22 Jicho la Kona
Kifaru, umelipata jibu na umeliandika mwenyewe. Kwa nini mashine inakwama mara 20?

#23 Kifaru wa Pugu
Chupa zinaingia na vizibo na mchanga. Sehemu ya kuoshea ilifungwa kupunguza gharama ya maji. Sikuwahi kuviunganisha hivyo viwili. Lakini bado siamini kwamba mtu mzima hana lake hata kidogo.

#24 Dada wa Cherehani
Hapo kwenye bonasi kwa tani ndipo penyewe. Mimi ni mshonaji, tunalipwa kufikisha idadi. Kinga ya sindano inapunguza kasi, watu wanaing'oa, mkaguzi akija inarudishwa. Wote tunajua, kuanzia mimi hadi ofisini. Kwa hiyo mimi sikubali maelezo ya swichi, wala ya kufuli, wala ya uzembe. Swali ni nani anaweza kusema "sifanyi" na kesho akarudi kazini.

Bangladesh mwaka 2013, jengo la Rana Plaza. Nyufa zilionekana siku moja kabla, watu wakatolewa. Benki iliyokuwa mle ndani iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji waliamriwa kurudi, wengine wakatishiwa kukatwa mshahara wa mwezi. Tarehe 24 Aprili lilianguka, watu 1,134. Wale washonaji waliziona nyufa. Walijua vizuri kuliko ofisi. Kujua hakukuwasaidia.

#25 Wakili wa Mtaani
Dada umesema jambo zito. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa ya papo hapo akiwa na sababu ya msingi. Na tangu Juni 2022 mazingira salama ya kazi yamewekwa kwenye haki za msingi za kazi, daraja moja na kukataza kazi ya kulazimishwa. Lakini haki ya kwenye karatasi bila wenzako kusimama nawe ni ngumu kuitumia, nakubali.

#26 Mswahili wa Kisauni
Hujambo jamaa zangu wa Bongo. Huku Kenya sheria ya 2007 yataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, wakubwa na wafanyakazi pamoja. Kwetu sisi kamati ipo. Kwa miaka miwili nilitia saini kumbukumbu za vikao ambavyo sikukaa. Mwaka wa tatu tukakataa kutia saini mpaka tukutane kweli, na cha kwanza tulichopata ni taa ya ngazi ya ghala. Taa moja, miaka mitatu. Lakini pale ngazini hajaanguka mtu tena.

#27 Bin Said, Muscat
Salaam. Mimi naongeza uchovu, maana naona mmeusahau. Huku Oman, kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za nje juani zimekatazwa saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Kabla ya kupumzika mchana nilikuwa naona watu wanapima mbao mara mbili na bado wanakata kasoro. Ni joto, kichwa kinapika. Uzuri wa kanuni ile ni saa: haibishaniwi, haimtegemei fomeni mwenye huruma. Kijana aliyebonyeza kitufe alikuwa zamu ya ngapi mfululizo?

#28 FundiSaga
Bin Said, ya saba. Haikuandikwa kwenye ripoti.

#29 Chawa Mbishi
Na Kifaru huyu anayetetea helmeti leo, kwenye uzi wa bodaboda alisema abiria wa safari fupi haihitaji. Mimi nakumbuka kila kitu.

#30 Kifaru wa Pugu
Niliandika hivyo, na nilikosea. Nimenunua mbili, moja ya mke wangu. Haya turudi kwenye mada.

#31 Mhandisi Mstaafu
Turudi kwenye saa moja usiku. Mmezungumza kitufe, kufuli, bonasi na usingizi. Mimi naona zamu zilipopishana. Piper Alpha, mtambo wa mafuta na gesi Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Mchana mafundi walitoa vali ya usalama ya pampu moja, kazi haikuisha, wakaziba kwa bamba la muda. Kibali cha kazi hiyo hakikuwafikia watu wa usiku mkononi. Pampu ya pili ikazima, watu wa usiku wakawasha ile ya kwanza kwa nia njema kabisa, kama kijana wetu. Gesi ikavuja. Watu 167.

Makabidhiano yenu ni vipi? Ana kwa ana mbele ya mashine, au mnapishana getini mnasalimiana?

#32 FundiSaga
Tunapishana getini. Kuna daftari, lakini linaandikwa tani tu.

#33 Umeme Shamba
Mhandisi kwa heshima zote, daftari halizuii kisu. Kufuli linazuia.

#34 Mhandisi Mstaafu
Na kufuli ambalo mtu wa usiku hajui maana yake hukatwa kwa grainda. Wewe mwenyewe umetusimulia.

#35 Nesi wa Zamu
Mnavutana na wote mna kipande. Kwangu lililo kubwa ni adhabu. Kuteleza kwa mkono, kukata njia kwa sababu kila mtu anakata, na kudharau kwa makusudi ni vitu vitatu tofauti. Kifaru kamtoa mlevi, sawa. Lakini ukimwadhibu aliyeteleza kama ulivyomwadhibu mlevi, kesho hakuna atakayekuambia kuhusu koleo lililoruka ukutani.

#36 Kifaru wa Pugu
Na nani anaamua hiki ni kuteleza na kile ni dharau? Ni mimi huyohuyo supavaiza. Hilo hamjanijibu.

#37 Baharia wa Tanga
Swali zuri hilo. Hata mahakama ya uchunguzi ya ile meli ililaumu kuanzia chini hadi ofisini juu, na bado wanaoishi na usiku ule ni mabaharia.

#38 FundiSaga
Wakuu, mrejesho baada ya siku tisa.

Tulikwenda watu kumi na mmoja kwa meneja uzalishaji, kwa pamoja, ili asijulikane aliyeanza. Nilisimulia kisa cha koleo mbele yake. Alinyamaza muda mrefu. Tumekubaliwa makufuli manane kwa mashine ya kusaga na bamba la matundu. Vitufe vimepakwa rangi upya, cha konveya sasa ni cha bluu. Makabidhiano yatafanyika mbele ya mashine, dakika kumi, na dakika hizo zinalipwa. Kuhamisha paneli wamekataa, wanasema ni gharama. Bonasi kwa tani haikuguswa, hawataki hata kuizungumza. Barua ya onyo ya S imefutwa. Kijana bado yuko nje, kikao chake cha nidhamu ni Jumatatu.

Jumapili nilikwenda kumwona S, Mbagala. Swali lake la kwanza lilikuwa yule kijana anakula wapi. Akaniambia: "Aliniita baada ya mashine kusimama, akafunga mkono wangu kwa shati lake, akanipeleka kwa bajaji. Mimi ndiye niliyemwona usiku ule, wao hawakumwona." Anataka kwenda kusema hivyo kwenye kikao. Wakili, anaruhusiwa?

#39 Wakili wa Mtaani
Kijana ana haki ya kuita mashahidi, na ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Amwandikie mwenyekiti wa kikao mapema, amtaje S kama shahidi wake. S aandike maelezo yake mwenyewe, ayatie sahihi, asubuhi ya kikao aende nayo. Kama una picha ya paneli na ukuta, chapisheni muiambatanishe.

#40 Mama Nasra
Mwanangu FundiSaga, picha wapige wakiwa wamesimama penye paneli, waonyeshe kwamba mashine haionekani.

#41 FundiSaga
Nimepiga leo mchana, mama. S anaandika maelezo usiku huu, mkono wa kulia uko mzima.